Protini za Kiunzi cha Seli na Kusambaa kwa Saratani ya Utumbo Mpana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kusambaa kwa saratani ya utumbo mpana ni nini hasa, na kwa nini kunatisha kuliko uvimbe wa mwanzo?

Saratani ya utumbo mpana na puru huanzia kwenye utando wa ndani wa utumbo, mara nyingi katika kijinyama kiitwacho polipu, na inaweza kukaa hapo miaka mingi bila mgonjwa kuhisi lolote. Muda wote huo daktari anaweza kuikata ikaisha. Mambo hubadilika seli za uvimbe zinapopenya utando wa msingi ulio chini yao, zikaingia kwenye misuli ya ukuta wa utumbo, kisha kwenye mishipa ya limfu au ya damu, na hatimaye zikaota upya kwenye tezi za limfu, ini, mapafu au utando wa tumbo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba, kati ya wagonjwa 100 ambao saratani yao bado iko ndani ya utumbo peke yake, takriban 90 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kwa wale ambao imekwisha kufika viungo vya mbali, wanaobaki ni kama 15 tu. Duniani kote mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 900,000 walifariki, wengi wao kwa sababu ya makazi mapya ya saratani na si kwa sababu ya uvimbe wa kwanza.

Ili seli isafiri namna hiyo lazima ijitenge na jirani zake, ibadili umbo, itambae, ijipenyeze mahali pembamba, kisha itulie na kuanza kugawanyika tena. Kila hatua kati ya hizo inategemea protini zinazoipa seli umbo lake.

Kiunzi cha seli ni nini?

Ni mtandao wa nyuzi za protini uliotanda ndani ya seli, kuanzia chini ya utando wake wa nje hadi kwenye kiini. Nyuzi hizo ni za aina tatu. Nyembamba kabisa ni za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Hizi husukuma utando wa seli na, zikishirikiana na protini ya miosini, huvuta na kukaza. Za katikati, zenye unene wa nanomita 10, ni jamii kubwa ambayo ndani yake zimo keratini, vimentini na lamini, na kazi yake kuu ni kustahimili mvuto na msukosuko. Nene zaidi ni mikrotubuli, mirija ya nanomita 25 iliyojengwa kwa protini ya tubulini, ambayo hubeba mizigo ya seli kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutenganisha kromosomu wakati seli inagawanyika.

Mtu anaweza kuufananisha mtandao huu na fito za nyumba ya udongo, mradi akumbuke tofauti moja kubwa: fito hizi hubomolewa na kujengwa upya usiku na mchana, nyingine kwa sekunde chache tu, nyumba ikiwa imesimama na watu wamo ndani. Uwezo huo wa kujengwa na kubomolewa ndio saratani inaoutumia.

Katika utumbo wenye afya, protini hizi zinafanya kazi gani?

Utando wa ndani wa utumbo mpana una safu moja tu ya seli, iliyobonyea kwenda chini na kufanya vishimo vingi vidogo. Seli mpya huzaliwa chini ya kishimo, hupanda polepole, na baada ya siku tano hivi humwagika kwenye choo. Kwa hiyo seli ya kawaida ya utumbo nayo husafiri. Tofauti ni kwamba husafiri katika njia moja, ikiwa imeshikana na wenzake, na mwisho wa safari yake ni kifo.

Upande wa juu wa seli, unaotazama choo, una vinyweleo vidogo sana vilivyojengwa kwa vifungu vya aktini, na vifungu hivyo hushikiliwa pamoja na protini ya vilini. Pembeni, seli zimeshikana kwa E-kadherini, ambayo hutoka nje ya seli moja na kukamata E-kadherini ya seli jirani. Kwa ndani imefungwa kwenye aktini kwa msaada wa beta-katenini na alfa-katenini. Keratini namba 8, 18, 19 na 20 hutanda katikati na kuunganishwa na vifungo vingine vya pembeni ili safu nzima isichanike utumbo unapojikunja. Matokeo ni seli yenye juu, chini na pembeni, inayojua mahali pake. Wataalamu wanapozungumzia seli iliyopoteza mwelekeo, wanazungumzia kuvurugika kwa mpangilio huu.

Jeni ya APC hutajwa sana katika saratani hii. Ina uhusiano gani na kiunzi cha seli?

Uhusiano ni mkubwa kuliko unavyoelezwa kwa kawaida, na pengine hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu.

Jeni ya APC ilitambuliwa mwaka 1991, kwenye kromosomu namba 5, na watafiti waliokuwa wakichunguza familia ambazo watu wake huota polipu mamia au maelfu tangu ujanani, na ambao karibu wote hupata saratani katika umri wa makamo utumbo wao usipoondolewa. Baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyohiyo imeharibika katika takriban 80 kati ya kila saratani 100 za kawaida za utumbo mpana, hata kwa watu wasio na historia hiyo katika ukoo.

Kazi ya APC inayofahamika zaidi ni kuharibu beta-katenini iliyozidi. APC ikikosekana, beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazoamuru seli igawanyike. Maelezo mengi huishia hapo. Lakini protini ya APC ni ndefu mno, ina asidi amino 2,843, na sehemu yake ya mwisho hushika mikrotubuli pamoja na protini iitwayo EB1 inayokaa kwenye ncha za mikrotubuli hizo. Mabadiliko mengi ya jeni yanayopatikana katika saratani ya utumbo huikata protini hii kabla ya kufika mwisho, kwa hiyo sehemu inayoshika mikrotubuli hupotea pamoja na sehemu kubwa ya ile inayodhibiti beta-katenini. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba seli zenye APC iliyokatika hukosea kugawa kromosomu, kwa sababu mikrotubuli hazishiki vizuri. Mpangilio wa seli inayopanda kwenye kishimo nao huvurugika.

Tazama pia beta-katenini yenyewe: kwenye utando wa seli ni sehemu ya kifungo kinachoishikiza seli kwa jirani yake, na ndani ya kiini ni mshirika wa kuwasha jeni. Protini moja imeshika kazi mbili zinazovuta pande tofauti. Katika saratani hii, basi, ajali ya kwanza kabisa, ile inayoanzisha polipu, tayari inagusa kiunzi cha seli miaka mingi kabla ya kusambaa kokote.

Seli ya saratani hutambaa vipi?

Hutambaa kwa hatua zinazojirudia. Kwanza, aktini hujengwa kwa kasi upande wa mbele na kusukuma utando wa seli nje, wakati mwingine kama ukingo mpana, wakati mwingine kama vidole vyembamba. Pili, sehemu iliyotangulia hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni zilizo nje, kwa kutumia protini ziitwazo integrini. Tatu, miosini hukaza aktini nyuma na katikati, na mwili wa seli huvutwa mbele. Mwisho, vishikizo vya nyuma huachia. Protini ya kofilini hukatakata nyuzi kuukuu za aktini ili malighafi irudi mbele ikatumike tena.

Wanaoamuru hatua hizi ni kundi la protini ndogo zinazofanya kazi kwa kuwashwa na kuzimwa. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall, wakiwa London, walionyesha kwamba mojawapo, Rho, huamuru seli ikaze nyuzi zake, na nyingine, Rac, huamuru ukingo wa mbele usukumwe. Ya tatu, Cdc42, huhusika na vile vidole vyembamba. Katika saratani ya utumbo mpana kuna jambo la pekee: mwaka 1999 watafiti wa Lisbon, Ureno, waligundua katika uvimbe wa utumbo aina ya Rac iliyounganishwa tofauti na ya kawaida, inayoitwa Rac1b, ambayo huelekea kubaki imewashwa.

Kutambaa peke yake hakutoshi, kwa sababu mbele ya seli kuna utando wa msingi ambao hauna tundu la kupita. Seli za saratani huchomoza vijiguu vya aktini vinavyopeleka vimeng'enya vya kuyeyusha protini mahali pale pale penye kizuizi, na mikrotubuli ndizo zinazofikisha vimeng'enya hivyo. Kazi hii ni ya ushirikiano wa nyuzi zote tatu, na ndiyo maana kuuliza ni protini gani moja inayosababisha kusambaa hakuleti jibu zuri.

Fasini ni nini, na kwa nini watafiti wa saratani ya utumbo huitaja sana?

Fasini hufunga nyuzi za aktini pamoja, zikawa kifungu kigumu kilichonyooka kinachoweza kusukuma utando wa seli mbele bila kupinda. Seli za neva na baadhi ya seli za kinga huitumia kila siku. Seli za utando wa utumbo mpana wenye afya karibu hazina kabisa. Zinatumia vilini na wenzake kwa vinyweleo vyao vya juu.

Katika saratani ya utumbo mpana fasini huibuka, na haitokei popote tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hupatikana hasa kwenye ukingo wa uvimbe, pale seli zinapopenya tishu za jirani, na kwamba jeni yake huwashwa na beta-katenini iliyoingia kwenye kiini. Hapo mnyororo unaonekana wazi: APC inakatika, beta-katenini inarundikana, fasini inatengenezwa, vidole vya aktini vinachomoza. Ni mara chache katika elimu ya saratani ambapo mtu anaweza kufuata njia kutoka jeni iliyoharibika hadi mwendo wa seli bila kuruka hatua nyingi, na hiyo ndiyo sababu fasini imependwa. Katika makazi ya mbali, uvimbe unapokuwa umetulia na kukua, fasini mara nyingi hupungua tena.

Protini nyingine inayowashwa kwa njia hiyohiyo ni S100A4. Yenyewe hushika miosini na kulegeza nyuzi zake, na wingi wake katika uvimbe wa utumbo umehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kusambaa.

Je, ni kweli kwamba seli hupoteza E-kadherini, hugeuka aina nyingine, kisha huondoka mojamoja?

Ni kweli kwa sehemu, lakini simulizi hiyo imerahisishwa kupita kiasi.

Yako mageuzi ambapo seli za utando, zilizoshikana na zenye keratini, hupunguza E-kadherini, huongeza vimentini, hurefuka na kuanza kutambaa kama seli za tishu unganishi. Mageuzi hayo huongozwa na protini zinazozima jeni ya E-kadherini, miongoni mwake zikiwa Snail na ZEB1. Kiinitete hutumia njia hiyohiyo mwili unapojengwa, na mtu mzima huitumia kidonda kinapopona, kwa hiyo saratani haikubuni kitu kipya.

Hata hivyo, mtaalamu wa patholojia akitazama kwa hadubini kipande cha ini chenye saratani iliyotoka utumboni, mara nyingi haoni seli zilizotawanyika. Huona vijitezi vilivyopangika karibu sawasawa na vile vya uvimbe wa kwanza, vyenye E-kadherini na keratini zake. Mwaka 2001 Thomas Brabletz na wenzake nchini Ujerumani walieleza jambo hili kwa kulinganisha sehemu tatu: katikati ya uvimbe wa utumbo, ukingo wake, na makazi ya mbali. Kwenye ukingo beta-katenini ilikuwa ndani ya kiini na seli zimelegea. Katikati na kwenye makazi mapya ilikuwa imerudi kwenye utando na seli zimejipanga tena. Maana yake ni kwamba kulegea huko ni hali ya muda. Seli ambayo haiwezi kurudi katika mpangilio wa awali inaweza kufika mbali lakini ikashindwa kuota.

Isitoshe, saratani ya utumbo mpana hupenda kusafiri kwa makundi. Seli kadhaa hupenya zikiwa zimeshikana, za mbele zikisukuma na kuyeyusha njia, za nyuma zikifuata kwa kuvutwa na vifungo vyao vya E-kadherini na aktini. Seli nyingine hubaki katikati ya hali hizo mbili, zina keratini na vimentini kwa pamoja, na watafiti wengi sasa wanaamini kwamba seli za namna hiyo ndizo hatari zaidi.

Nimesoma kwamba vimentini hupimwa kwenye choo. Inakuwaje, ikiwa saratani inayopenya huongeza vimentini?

Yote mawili ni kweli, na hayapingani. Kinachotafutwa kwenye choo ni DNA, yaani jeni ya vimentini, wala si protini yenyewe. Seli za kawaida za utumbo hazitengenezi vimentini, lakini jeni yake haijafungwa kwa alama za kemikali. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba katika saratani nyingi za utumbo mpana jeni hiyo hupachikwa alama za methili, na DNA yenye alama hizo inaweza kuonekana kwenye choo cha mgonjwa. Kipimo kilitengenezwa kwa msingi huo. Vimentini inayoonekana kwenye ukingo wa uvimbe kwa hadubini kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye seli za tishu unganishi zinazouzunguka, na kwa kiasi kidogo kwenye seli chache za saratani zilizogeuka.

Kwa nini saratani hii hupenda ini?

Sababu ya kwanza ni ya mabomba tu: damu itokayo utumbo mpana hupitia ini kabla ya kwenda kwingine kokote, kwa hiyo ini ndilo chujio la kwanza. Sehemu ya chini kabisa ya puru humwaga sehemu ya damu yake moja kwa moja kwenye mshipa mkuu urudio moyoni, na ndiyo sababu saratani ya hapo hufika kwenye mapafu bila kupitia ini mara nyingi zaidi kuliko ile ya utumbo wa juu.

Kufika ini, hata hivyo, si kuishi humo. Mishipa midogo kabisa ya damu ina upana wa mikromita chache tu, na seli ya saratani kwa kawaida ni kubwa kuliko hapo. Lazima ijifinye. Sehemu ngumu kufinyika ni kiini, ambacho ugumu wake hutokana na lamini, ndugu wa keratini anayekaa chini ya ukuta wa kiini. Mtu angetarajia kwamba lamini ikipungua seli itapenya kwa urahisi na mgonjwa atakuwa katika hatari zaidi. Tafiti za saratani ya utumbo zimepingana hapa: moja imehusisha lamini A nyingi na vifo zaidi, nyingine imehusisha lamini A chache na saratani kurudi. Inawezekana kiini laini hupita kwa urahisi lakini huchanika kwa urahisi pia, na kwamba kiasi kinachoifaa saratani hutegemea njia inayopitia. Kwa sasa mtu asimwamini anayesema jibu ni moja.

Njia ya kwenye utando wa tumbo ni tofauti kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walieleza vifundo vya seli za saratani ya utumbo, hasa zile zenye ute mwingi, vinavyoelea vikiwa vimegeuzwa ndani nje: upande wa seli uliopaswa kutazama choo ndio unaotazama nje. Vifundo hivyo havijishikizi kwa integrini kama kawaida, lakini vina uwezo wa kuvamia utando wa tumbo. Mpangilio wa juu na chini haukupotea, umepinduliwa.

Je, protini hizi ndizo zinazosababisha saratani?

Hapana. Aktini, tubulini na keratini zimo katika kila mtu mwenye afya na bila hizo hakuna seli inayoishi. Saratani huanza kwa kuharibika kwa jeni kama APC, KRAS na TP53. Kiunzi cha seli hutumiwa na uharibifu huo.

Kuna kipimo cha damu kinachotumia protini hizi?

Kipo. Seli za damu hazina keratini, kwa hiyo seli yenye keratini ikionekana ndani ya damu kuna sababu ya kushuku kwamba imetoka kwenye uvimbe. Mfumo uitwao CellSearch hukamata seli kwa protini ya juu ya utando wao, kisha huzithibitisha kwa rangi inayoshika keratini. Kwa wagonjwa ambao saratani ya utumbo imeshasambaa, kupatikana kwa seli tatu au zaidi katika mililita 7.5 za damu kumehusishwa na maisha mafupi zaidi. Kasoro yake inatabirika: seli iliyopoteza sifa za utando na kupunguza keratini inaweza kupita bila kuhesabiwa, nayo huenda ndiyo ya kuogopwa. Kipimo kinachotumika zaidi hospitalini kufuatilia mgonjwa baada ya upasuaji ni CEA, ambacho ni cha protini ya juu ya seli na si ya kiunzi.

Kama kiunzi ni muhimu hivyo, mbona dawa za saratani ya utumbo hazikilengi?

Dawa zinazolenga mikrotubuli zipo na zinatumika sana katika saratani nyingine. Vinkristini hutokana na ua la Madagascar na huzuia mikrotubuli zisijengwe. Paklitakseli, iliyotokana na mti wa yuu wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, huzizuia zisibomolewe. Zote mbili huikwamisha seli katikati ya kugawanyika. Lakini paklitakseli haikufanya vizuri kwa saratani ya utumbo mpana, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba seli za utumbo kwa asili zina pampu nyingi za kutoa sumu nje, kwa kuwa kazi yao ya kila siku ni kukaa karibu na sumu. Tibakemikali ya ugonjwa huu, kwa hiyo, imejengwa juu ya fluorourasili, oksaliplatini na irinotekani, ambazo zote hugusa DNA.

Kuhusu aktini, kemikali za kuivunja zinafahamika na hutumiwa maabara kila siku, lakini hakuna awezaye kumpa mgonjwa, kwa sababu moyo na misuli yote hukazwa kwa aktini na miosini hizohizo. Ndiyo maana watafiti wanatafuta protini zinazotumiwa na seli ya saratani zaidi kuliko seli nyingine. Fasini ni mfano mzuri, na dawa za kuizuia zimeanza kujaribiwa kwa binadamu. Kwa maoni yangu, tatizo gumu zaidi ni la wakati: mgonjwa anapogunduliwa, seli nyingi zinazotakiwa kusimamishwa zimekwisha kufika, na dawa ya kuzuia mwendo haiwezi kuigusa seli iliyokwisha kutulia. Majaribio ya kawaida, yanayopima kama uvimbe umesinyaa, hayakuundwa kupima dawa ya namna hiyo.

Je, chakula kinaweza kubadili protini hizi?

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, na alihusisha jambo hilo na chakula chenye makapi mengi. Leo inajulikana kwamba bakteria wa utumbo huyageuza makapi hayo kuwa asidi za mafuta fupi, hasa butireti, na katika maabara butireti huzifanya seli za saratani ya utumbo zikomae na kujipanga upya. Hiyo ni hoja ya kinga. Hakuna chakula wala mitishamba iliyothibitishwa kuzuia saratani iliyokwisha kuanza isisambae, na mgonjwa anayeahirisha upasuaji ili ajaribu hivyo hupoteza miezi isiyorudi.

Ripoti ya patholojia imetaja CK20, CK7 na "chipukizi za uvimbe". Zinamaanisha nini?

CK ni kifupi cha keratini. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huwa na CK20 na haina CK7. Uvimbe ukikutwa kwenye ini au mapafu na haijulikani ulitoka wapi, mpangilio huo, ukiambatana na alama ya CDX2, huelekeza kidole kwenye utumbo. Si saratani zote hufuata kanuni hii. Baadhi ya zile za upande wa kulia wa utumbo hupoteza CK20.

Chipukizi ni seli moja, au kifundo cha seli zisizozidi nne, kilichojitenga kwenye ukingo wa uvimbe. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 yanataka zihesabiwe katika eneo la milimita za mraba 0.785 lenye chipukizi nyingi zaidi: 0 hadi 4 ni kiwango cha chini, 5 hadi 9 ni cha kati, 10 na zaidi ni cha juu. Kuhesabu huku ndiko kulikoingiza elimu yote iliyoelezwa hapo juu katika uamuzi wa kila siku, na hakuhitaji mashine ya gharama. Polipu iliyokatwa kwa kamera ikakutwa na saratani ya juujuu, chipukizi nyingi humwambia daktari kwamba tezi za limfu huenda zimeguswa na upasuaji ufikiriwe. Kwa saratani ya hatua ya pili, ambapo tibakemikali haitolewi kwa kila mtu, ni mojawapo ya sababu za kuijadili na mgonjwa.

Je, ubora wa kipande kilichokatwa unaathiri majibu haya?

Unaathiri sana. Protini huanza kuoza dakika nyama inapotoka mwilini, na rangi za kutambua keratini na E-kadherini hazishiki vizuri kwenye kipande kilichokauka au kilichochelewa kutiwa dawa. Kipande kinatakiwa kuwekwa mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, katika chombo chenye dawa nyingi kuliko nyama, na kisikae humo siku nyingi mno kabla ya kutengenezwa. Hili lina uzito wa pekee mahali ambapo kipande husafirishwa kwa basi kutoka hospitali ya wilaya hadi maabara ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Baada ya uchunguzi, mabonge ya nta yenye kipande hicho huhifadhiwa maabara. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine ana haki ya kuomba nakala ya ripoti, na anaweza kuomba bonge hilo lipelekwe huko ili lipimwe tena kwa rangi ambazo maabara ya kwanza haikuwa nazo.